Mkutano mkuu wa kijiji: tofauti zetu tuzimalize kwa maneno, zisisubiri shambani

Kila kiangazi kinapokaza, simu za kipindi chetu cha asubuhi hubadilika. Salamu hupungua, malalamiko huongezeka. Mkulima wa bonde la Ruvu anasema ng'ombe wamemaliza mpunga wake usiku. Mfugaji wa upande wa Lugoba anasema njia ya kwenda mtoni imelimwa, na ng'ombe hana mabawa. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanamalizia kwa maneno yale yale: "Mtangazaji, tusaidie."

Redio haina ardhi ya kugawa wala mamlaka ya kuhukumu. Tunachoweza ni kueleza chombo ambacho kila kijiji cha Bagamoyo, Chalinze na pwani yote hii tayari kinacho, lakini mara nyingi kinatumika kusomea taarifa tu na kupiga makofi. Chombo hicho ni mkutano mkuu wa kijiji.

Kwa ufupi

- Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Si wa viongozi, si wa wazawa peke yao.
- Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu kuridhia kwanza.
- Kutofautiana mkutanoni si vurugu. Vurugu huanza pale upande mmoja unapokosa mahali pa kusemea.
- Makubaliano yasiyoandikwa na kupitiwa tena hufa, hata yakiwa mazuri.

Tuanze na kosa letu

Kiangazi kimoja tulimpa nafasi hewani mkulima aliyelishiwa shamba. Alikuwa na uchungu, na uchungu wake ulikuwa wa haki. Tulimsikiliza karibu kipindi kizima. Mfugaji hatukumtafuta. Kabla ya kipindi kwisha, simu zilizokuwa zikiingia hazikuwa tena za shamba lile. Zilikuwa za kabila. Tukalazimika kukata simu na kuweka muziki.

Wiki iliyofuata tuliwaita wote wawili studio. Mfugaji akaeleza alikopita, mkulima akaeleza shamba alilipataje. Maelezo ya mmoja yalipokutana na ya mwenzake, likatokea jambo ambalo hakuna aliyelijua peke yake: njia ya mifugo waliyoijua wazee ilikuwa imeuzwa vipande vipande, na aliyeuza hakuwa mkulima yule wala mfugaji yule. Mmoja alinunua kwa jasho lake, mwingine alifuata njia aliyoonyeshwa. Wote wawili walikuwa wameumizwa na mtu wa tatu, ambaye hakuwepo kwenye ugomvi wao na wala hakutajwa.

Hapo ndipo tulipoelewa faida ya kukaa pamoja. Hatukai ili wote tuwe na mawazo mamoja. Tunakaa kwa sababu kila mmoja ana kipande cha habari ambacho mwenzake hana.

Mkutano mkuu ni nini hasa?

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya juu katika mambo ya sera ya kijiji. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye uwezo wa kuiondoa. Halmashauri hiyo huwa na wajumbe 15 hadi 25, na wanawake hawapaswi kupungua robo. Mwenyekiti wa kijiji huongoza mkutano, na mtendaji wa kijiji ndiye katibu anayeandika muhtasari.

Kwa utaratibu, mkutano mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ukikaa mara moja kwa mwaka, tena kwa sababu mgeni kutoka wilayani anakuja, basi kijiji chenu kinadaiwa mikutano.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaongeza uzito zaidi. Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini tu, yaani mtu aliyeshikiwa mali ya wengine. Haitakiwi kumgawia mtu ardhi kabla ya mkutano mkuu kuridhia. Kama ile njia ya mifugo tuliyoitaja ingepelekwa mkutanoni kabla ya kukatwa viwanja, mzee mmoja angesimama na kusema, "Hapo ndipo ng'ombe hupita." Sentensi moja tu ingetosha kuokoa mpunga na urafiki.

Nani ana haki ya kusema?

Mkazi yeyote wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Sheria haikusema mzawa, wala mwenye shamba, wala mwenye nyumba ya bati. Mfugaji anayeishi kijijini ni mjumbe wa mkutano mkuu sawasawa na yule ambaye babu yake alizikwa hapo. Mke wa mfugaji naye ni mjumbe. Kijana anayechoma mkaa au kuendesha bodaboda naye ni mjumbe.

Mfugaji aliyekuja kwa msimu tu si mkazi, hivyo hana kura. Lakini hakuna kinachozuia kumwalika aeleze mifugo yake ni mingapi, amepita wapi na anaondoka lini. Kumwacha nje hakumwondoi kijijini. Kunamwondoa kwenye makubaliano tu, na asiyekuwepo kwenye makubaliano hawezi kuyatunza.

Kinachogombaniwa ni nini?

Tukiondoa majina ya makabila, ugomvi mwingi wa huku kwetu ni wa vitu vitatu: maji, njia na muda.

Maji ni Ruvu na Wami. Kuanzia Juni hadi vuli ishike, malambo yanapokauka, mifugo haina budi kusogea mtoni. Mtoni huko huko ndiko kuliko na mpunga na mboga, kwa sababu na mkulima anafuata unyevu. Njia ni kwa sababu kati ya malisho na maji pana mashamba, na kila mwaka mashamba yanaongezeka. Muda ni kwa sababu mabua yaliyobaki baada ya mavuno ni chakula kizuri cha ng'ombe, na samadi ni mbolea nzuri ya shamba, lakini wiki mbili kabla ya mavuno ng'ombe wale wale ni hasara tupu.

Tukumbuke pia watu wamefikaje hapa. Waparakuyo wamechunga katika nyika za Bagamoyo tangu kabla ya uhuru. Wengine walifika baadaye, hasa baada ya serikali kuwaondoa wafugaji bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 na kuwaelekeza wengi wao mikoa ya Lindi na Pwani. Wakulima nao si wote wazawa. Wapo waliokuja kufuata mananasi ya Kiwangwa, na wapo walionunua mashamba wakitokea Dar es Salaam. Ukihesabu vizuri, wageni ni wengi kuliko tunavyosema.

Gharama ya kutozungumza tunaijua. Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, mkoa jirani wa Morogoro, watu zaidi ya 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Hakuna kijiji kinacholala siku moja na kuamka na msiba wa namna ile. Hutanguliwa na miaka ya manung'uniko ambayo hayakupata pa kusemewa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Waliokaa wakaelewana: Kiteto

Wilayani Kiteto, mkoa wa Manyara, vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti viliona kwamba mifugo haisomi mipaka ya vijiji. Kijiji kimoja kina nyasi, kingine kina maji, kingine kina majani ya chumvichumvi ambayo ng'ombe huyapenda. Kila kijiji kikipanga peke yake, mfugaji atavunja sheria ya mmoja kila anapokwenda kunywesha.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu vijiji jirani kuingia makubaliano ya kutumia ardhi kwa pamoja. Vijiji hivyo vikafanya hivyo: vikatenga eneo la malisho linalovuka mipaka yao, na kila kijiji kikabaki na mashamba yake. Eneo hilo wakaliita OLENGAPA, jina lililounganishwa kutoka majina ya vijiji vyenyewe. Baadaye kijiji cha nne kikajiunga.

Kazi ile haikuwa ya siku moja. Ilipitia vikao vya kijiji kimoja kimoja, kisha vikao vya pamoja, wataalamu wa wilaya wakasaidia kupima, na mikutano mikuu ikaridhia. Faida yake si kwamba ugomvi umekoma duniani. Ni kwamba mtu akilima ndani ya malisho, au akichungia ndani ya shamba, kila mtu anajua mstari uko wapi, maana waliuchora wenyewe.

Na baharini je? Tanga na Pangani

Wavuvi wa Bagamoyo, Mlingotini na Saadani wanaweza kudhani mada hii ni ya bara. Tuwapeleke kaskazini kidogo. Kuanzia mwaka 1994, vijiji vya pwani ya mkoa wa Tanga, Pangani ikiwemo, vilianza kusimamia miamba pamoja na serikali. Vijiji vinavyovua mwamba mmoja vilikaa pamoja, vikaandika mpango mmoja, vikakubaliana kufunga baadhi ya miamba ili samaki wazaliane, na wavuvi wakashiriki doria dhidi ya baruti.

Fikiria ugumu wake. Mwenye mashua ya mashine, mwenye dema na mama anayekaanga samaki sokoni hawana hesabu moja. Kufunga mwamba kwa mmoja ni akiba, kwa mwingine ni njaa ya wiki hii. Walichofanya ni kuanza na sehemu tu ya miamba, wakaangalia matokeo, wakarudi kuzungumza.

Baruti ikapungua sana miaka ile ya 1990. Lakini miaka ya 2000 ilirudi kwa nguvu. Tunaieleza sehemu hii makusudi, kwa sababu ina somo lake: makubaliano ni kama mtumbwi. Usipoukalafati kila msimu, unavuja, hata kama fundi alikuwa hodari. Leo vikundi vya BMU, vinavyotambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, vina nafasi ya kufanya kazi hiyo ya kukalafati, mradi vikae na wavuvi wote, wanawake wa sokoni wakiwemo.

Utani: dawa tuliyo nayo nyumbani

Watu wa pwani hii hatukungoja sheria ya 1982 ili kuambiana ukweli. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipotoka bara na pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Wazigua nao ni watani wa Wazaramo. Msibani, mtani ndiye anayeweza kumwambia mfiwa, "Mwenzetu alikuwa mchoyo, na wewe umefuata," watu wakacheka, na ukweli ukawa umefika bila ngumi.

Wenyeviti wengi wazoefu wanajua kuutumia. Mambo yakichemka, anainuka mtani, anatania pande zote mbili, joto linashuka. Lakini pana tahadhari. Utani una wenyewe. Mzaramo akimtania Msukuma, wote wanajua mchezo. Akimtania Mmaasai au Mbarbaig ambaye hana utani naye, kwa yule aliyeambiwa hilo ni tusi mbele ya watu. Kama hakuna utani, tumia heshima: mwite mzee kwa cheo cha umri wake, mpe kiti, mwache amalize.

Namna ya kuandaa mkutano wenye kusikilizana

Kabla ya mkutano

1. Agenda itangazwe mapema na iwe wazi. "Mengineyo" si mahali pa kujadili ardhi. Andika: "Njia ya mifugo kwenda mtoni."
2. Tangazo lifike kwenye maboma, mashambani, dagoni na mnadani, si kwenye mti wa ofisi tu. Tangazo la redio linasaidia, lakini mjumbe wa kitongoji anayebisha hodi anasaidia zaidi.
3. Chagueni siku isiyo ya mnada wala ya Ijumaa mchana, na saa ambayo mama ameshamaliza kuchota maji.
4. Kila upande ukae kwanza wenyewe, uchague wasemaji, akiwemo mwanamke na kijana.

Siku ya mkutano

5. Msikae kwa makundi, wakulima kulia na wafugaji kushoto. Mkikaa hivyo, macho yanaanza ugomvi kabla ya midomo.
6. Asiyejua Kiswahili vizuri apewe mkalimani anayemwamini yeye, si aliyechaguliwa na wapinzani wake.
7. Kabla ya kujibu hoja, rudia kwanza ulichosikia: "Mzee umesema mifugo ilipita saa ya usiku kwa sababu mchana pana joto. Ni hivyo?" Ni jambo dogo, ila huzuia nusu ya matusi.
8. Tajeni tendo, msitaje kabila. "Ng'ombe waliingia shamba la mpunga" inajibika. "Nyinyi wafugaji ndivyo mlivyo" haijibiki.
9. Mwenyekiti mwenye shamba au mifugo kwenye mgogoro huo aseme hivyo hadharani, na sehemu hiyo aongoze mwingine.

Baada ya mkutano

10. Muhtasari usomwe kabla watu hawajaondoka, ukiwa na hoja za waliokataa pia. Aliyeshindwa kwa kura akiona hoja yake imeandikwa, hujua hakupuuzwa.
11. Yale ya kudumu yafanywe sheria ndogo. Mkutano mkuu ukiridhia, hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa.
12. Wekeni tarehe ya kupitia upya. Kwa mambo ya maji na njia, wakati mzuri ni mwisho wa masika, kabla kiangazi hakijabana.

Mkishindwa kuelewana

Si kila jambo huisha mkutanoni, na hilo si aibu. Kwa mgogoro wa ardhi kati ya watu, lipo baraza la ardhi la kijiji. Lina wajumbe saba, na angalau watatu lazima wawe wanawake. Halmashauri ya kijiji hupendekeza majina, mkutano mkuu huyaridhia. Kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu.

Msipopatana hapo, mnakwenda baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, nalo kazi yake ni usuluhishi. Likishindwa ndani ya siku 30, mwenye madai anaweza kwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya, akiwa na hati ya kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana. Kila hatua ina nauli, muda na siku za kazi zinazopotea. Kwa hiyo hata anayejiona ana haki tupu, sikukuu yake ya kwanza ingekuwa kumaliza jambo kijijini.

Mazao yakiliwa leo asubuhi, usisubiri mkutano wa miezi mitatu. Mwarifu mtendaji wa kijiji, mwombe afisa ugani aje atathmini hasara ikiwa bado mbichi, na mwenye mifugo awepo wakati wa kuhesabu. Kukamata ng'ombe na kuwazuia kwako, au kuwakata, kunageuza haki yako kuwa kosa.

Maswali mnayotuuliza

Mwenyekiti hataki kuitisha mkutano. Tufanyeje?
Mwandikieni mtendaji wa kijiji kwa barua yenye majina na saini, mkitaja jambo mnalotaka lijadiliwe. Mkinyamaziwa, pelekeni nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani. Bakini na nakala yenu. Barua husikika pale sauti isiposikika.

Nikisema ukweli mkutanoni nitachukiwa. Si afadhali ninyamaze?
Hofu hiyo si ya kubeza. Mnaweza kupeleka hoja kama kikundi, au kumpa mzee anayeaminika na pande zote aisome. Ila kumbuka: ukinyamaza, uamuzi utatoka tu, na utakuhusu.

Wao ni wengi, sisi ni wachache. Kura itatusaidia nini?
Kura peke yake haitawasaidia sana. Ndiyo maana mzungumze kwanza, tena kwa kirefu, na kura ije mwisho kabisa. Walio wengi wanaotaka amani ya kweli hawakimbilii kuhesabu mikono. Wachache walioshindwa bila kusikilizwa bado watalala kijiji hicho hicho usiku huo, na kesho watakutana na wengi wale wale kisimani.

Lile la studio liliishaje?
Mnauliza sana habari za yule mkulima na yule mfugaji. Hawakuwa marafiki wa kutembeleana. Walitoka studio wakapanda bodaboda mbili tofauti. Lakini walikwenda ofisi moja, ya mtendaji, na ombi lao lilikuwa moja: mkutano uitishwe, na agenda iwe njia ya mifugo. Mkutano ulikaa, ulikuwa mrefu, na watu walipandishiana sauti. Hakuna aliyepigwa. Njia mpya ilipita mahali ambapo hakuna upande ulioupenda wote, na kila upande uliweza kuishi nao.

Kama kijiji chenu kina mkutano mwezi huu, tutumieni tarehe na agenda tuvitangaze. Na mkienda, mwende na yule jirani ambaye hampatani.